Kaunti ni mdhamini wa ardhi ya Kulesa, si mwenyewe

KWA wakazi wa Kulesa, kijiji kilicho kando ya Mto Tana katika eneo la Garsen, suala la nani anaidhinisha ukodishaji wa ardhi si la mawakili pekee. Mkulima wa Kipokomo hulima ukingoni mwa mto, naye mfugaji wa Kiorma hupitisha mifugo kwenye malka kufikia maji hayo hayo. Mkataba ukitiwa sahihi bila wao kujua, wote wawili hupoteza.

Chini ya Katiba ya zamani, ardhi isiyo na hatimiliki ilishikiliwa kwa niaba ya wenyeji na Baraza la Kaunti ya Tana River. Hata hivyo, aliyeisimamia hasa ni Kamishna wa Ardhi, aliyeketi Nairobi.

Katiba ya 2010 ilibadilisha utaratibu huo. Ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali kuu na za kaunti. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa iliachiwa serikali ya kaunti, ambayo kwa Tana River makao yake ni Hola.

Wengi hudhani kwamba kaunti imekuwa mmiliki. La hasha. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kuuza ardhi hiyo au kuigeuza kuwa mali ya kibinafsi. Fidia ikilipwa ardhi inapotwaliwa, kaunti huiweka katika akaunti maalumu hadi jamii itakapojisajili.

Jamii ikishajisajili, udhamini wa kaunti hukoma. Huchaguliwa kamati ya watu 7 hadi 15, na mkataba wowote na mwekezaji huwa batili usipoungwa mkono na thuluthi mbili ya wanachama wazima katika mkutano.

Lakini usajili nao wahitaji busara. Mapigano ya 2012 na 2013 katika delta ya Tana, yaliyoua zaidi ya watu 100, yalihusishwa pia na mizozo ya malisho na maji. Mipaka ikichorwa bila kuacha malka wazi, hatimiliki yenyewe yaweza kuwasha moto.

Kwa hivyo, kuhamisha usimamizi kutoka Nairobi hadi Hola kumefupisha safari tu. Jamii isipojisajili, uamuzi utazidi kufanywa na wengine kwa niaba yake.