Kenya: Hori limejaa majani, mbona maziwa yanapungua?

Katika nyanda za juu za kati nchini Kenya, ambako familia nyingi hufuga ng'ombe wachache wa maziwa kwenye mashamba madogo, malalamiko ya wafugaji yanafanana: ng'ombe anakula mpaka anashiba, lakini maziwa hayaongezeki. Sababu imo katika namna tumbo la mnyama huyo linavyofanya kazi.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo huishi bakteria na viumbe wengine wadogo wasiohesabika, ambao huvunja nyuzinyuzi za majani. Kwa hiyo anayemlisha ng'ombe huwalisha kwanza viumbe hao.

Kutokana na kazi yao hupatikana asidi zinazofyonzwa na kuingia katika damu, nazo ndizo chanzo kikuu cha nishati ya mnyama. Asetati, itokanayo hasa na nyuzinyuzi, hutumika kutengeneza mafuta ya maziwa. Propionati, ambayo huongezeka ng'ombe anapokula nafaka, hugeuzwa na ini kuwa sukari. Sukari hiyo huzalisha laktosi, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia katika maziwa. Nishati ikipungua, maziwa hupungua. Nyuzinyuzi zikipungua, mafuta ya maziwa hushuka.

Majani yaliyokomaa

Matete ndiyo malisho makuu ya wafugaji wengi wa eneo hilo. Yakikatwa yanapofikia urefu wa takriban mita moja huwa laini na yenye protini ya kutosha kiasi. Yakiachwa yarefuke kupita kiasi, mashina hukauka na protini hushuka. Hapo viumbe wa tumboni hukosa cha kuwajenga, usagaji hupungua kasi, na chakula hukaa tumboni muda mrefu. Ng'ombe huonekana ameshiba ilhali mwili wake una njaa. Hasara huwa maradufu, kwani viumbe hao wenyewe husukumwa hadi vyumba vya mbele, wakasagwa na kuwa protini ya ng'ombe.

Hatari ya upande wa pili

Wapo wanaojaribu kufidia upungufu huo kwa kumwaga ghafla horini unga mwingi wa mahindi au chakula cha madukani. Wanga huchachuka upesi, asidi huongezeka tumboni, na bakteria wanaosaga nyuzinyuzi hufa. Kwa kuwa unga hauhitaji kucheuliwa sana, mate yanayopunguza makali ya asidi nayo huwa haba. Mnyama huacha kula, huharisha, huweza kuchechemea kwa maumivu ya kwato, na hali ikizidi hufa. Kwa familia inayolipa karo kwa pesa za maziwa, huo ni msiba mkubwa.

Kinga yake ni kubadili lishe polepole, kwa muda wa wiki mbili hivi, kumpa ng'ombe majani kabla ya unga, na kugawa unga huo katika milo kadhaa kwa siku.

Protini kutoka kwenye ua

Katika eneo la Embu, utafiti ulioanza miaka ya 1990 ulionyesha kuwa majani ya mti wa kaliandra, unaoweza kupandwa kwenye mipaka ya shamba, huongeza protini kwa gharama ndogo. Kilo 3 hivi za majani mabichi huweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha madukani. Desmodiamu na lusina nazo husaidia.

Maji pia yasisahauliwe, kwani takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji. Na mfugaji asiye na maabara anacho kipimo chake: ng'ombe mwenye afya, alalapo kupumzika baada ya kula, hucheua. Akionekana hacheui, lishe yake ichunguzwe mapema, na daktari wa mifugo aitwe.