Kabla ya geji, uliza mwinuko

Anayetaka kununua nyumba Kibaha au Kisarawe akifika kwenye paa huuliza bati ni geji ngapi. Muuzaji hujibu haraka, kwa kuwa geji ina bei na bei inaeleweka. Mwinuko hauulizwi. Nami nashikilia kwamba hilo ndilo swali la kwanza la anayejifunza kukagua nyumba, kabla ya rangi na hata kabla ya kile kilichotandikwa chini ya bati, kwa sababu bati nene lililolala huvuja mahali ambapo bati la kawaida lililoinuka halipitishi tone.

Ushahidi uko pale mabati mawili yanapolaliana. Maji yakinaswa katikati ya mabati yaliyobanana hayafuati mteremko peke yake. Hupanda ule upenyo mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Paa likiwa limesimama, uzito wa maji huyarudisha chini. Likiwa limelala, yanapanda hadi kuvuka ukingo wa bati la chini, yanadondokea papi, yanatambaa nayo, kisha yanaangukia jipsamu mbali kabisa na yalipoingilia. Ndiyo maana fundi paa mzoefu haamini doa la sebuleni. Hupanda darini, akazima tochi kutafuta vitundu vya mwanga kwenye misumari, akaiwasha kutafuta mstari wa kutu ulio sambamba na ukingo wa bati. Kisha huweka pimamaji la mita 1, ncha moja ikigusa mbao ya kenchi, na kwenye ncha ya pili anapima kwa futi kwenda juu hadi kwenye mbao ileile. Akipata sentimita 9, paa lina nyuzi 5 tu. Akipata 27, lina nyuzi 15. Kipimo hicho hakimchukui hata dakika tano.

Wapo watakaosema mwinuko ni gharama. Tuhesabu. Nyumba ya upana wa mita 8, paa la pande mbili: kutoka nyuzi 5 hadi 15, urefu wa bati huongezeka kama sentimita 13 kila upande. Mbao zinaongezeka zaidi, nakubali, lakini anayelaza paa ili alifiche hulipia kuta za kulificha, plasta yake na gata la ndani ambalo majani ya mwembe yakiliziba, maji hayana pa kwenda ila ndani.

Wengine hutegemea karatasi ya kuzuia maji inayotandikwa chini ya bati. Siidharau. Alfajiri, hewa yetu yenye unyevu wa pwani ikigusa bati lililopoa, bati hutoka jasho na wenye nyumba hudhani linavuja. Karatasi hiyo hupokea matone na kuyapeleka nje, iwapo nayo ina mteremko. Penye nyuzi 5, ikilegea kidogo tu kati ya papi, hugeuka beseni. Waezekaji makuti wa Pwani walisimamisha paa kwa sababu hiyohiyo: kuti halizibi maji, linayaharakisha.

Ramani inayopelekwa halmashauri kuombewa kibali huonyesha mwinuko wa paa. Paa likishafichwa nyuma ya ukuta, nani hupanda kuhakikisha kwamba uliochorwa ndio uliojengwa? Na mnunuzi anayekuja miaka mitatu baadaye, dari limeshapakwa rangi upya, ataiona ramani hiyo wapi?