Kwanza Uliza Kwa Nini Pametulia

Chukua mume na mke wanaotaka kujenga Garsen. Mume amependa ploti ya kando ya lami, karibu na steji, apate kufungua duka mbele ya nyumba. Mke ameipenda ile ya kule chini, upande wa mto, penye miembe na kivuli, watoto wacheze bila kuhofia malori. Wamebishana mwezi mzima. Kila mmoja ana hoja, ila wote wawili wanalinganisha kelele na kimya, na katika bonde la Mto Tana hilo si swali la kwanza. La kwanza ni hili: nani hupita hapa, na hupita lini?

Tuanze na kelele, kwa sababu inapimika. Jirani na Garsen, pale Minjila, njia inayotoka Malindi hugawanyika: moja yaenda Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu. Mabasi, malori na bodaboda vyote vina haja na eneo hili. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu, nje ya nyumba za makazi, desibeli 50 mchana na 35 tu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lori zito likipita mita 10 kutoka dirishani linaweza kufika desibeli 80 na ushei. Kwa hivyo nyumba iliyobanana na lami haiwezi kutimiza kipimo hicho, hata majirani wakiwa wapole namna gani.

Lakini magari ya Garsen hayafanani na yale ya Mombasa. Kule kelele ni mvumo usiokatika. Hapa gari hupita, kimya kikarudi, kisha likaja jingine. Kinachomwamsha mtoto ni ule mshindo wa gari moja, na mshindo wa aina hiyo hupungua haraka ukisogea nyuma. Kila unapozidisha umbali mara mbili, hushuka kwa desibeli 6 hivi. Ukitoka mita 10 hadi 40 umepunguza 12, na sikio huhesabu punguzo la 10 kuwa karibu nusu ya kelele. Mstari wa pili wa ploti, nyuma ya maduka, unaweza kukupa usingizi ambao mstari wa kwanza hauna, na bado steji iko mwendo wa dakika mbili.

Ushauri wa vitabu vya Ulaya, wa kufunga madirisha ya vioo viwili, hautufai. Kwa joto la Garsen dirisha hulala wazi, na panapoingia upepo sauti nayo huingia. Dawa iko kwenye ramani ya nyumba: sebule, stoo na duka vitazame barabara, vyumba vya kulala viwe nyuma, ili jengo lenyewe liwe ukuta. Usitegemee mstari mmoja wa miti kuzuia kelele. Miti hukamata vumbi na kuleta kivuli, lakini sauti hupenya. Tena angalia matuta ya barabarani. Yanaokoa watoto, lakini lori hufunga breki kabla ya tuta na kunguruma likishalivuka, hivyo nyumba inayotazamana nalo hupata kelele mara mbili.

Vumbi nalo lina mizani yake. Kichochoro cha udongo kinachopitwa na bodaboda ishirini kwa siku kinaweza kukulisha vumbi kuliko lami inayopitwa na magari mengi zaidi. Kabla ya kukiita kitulivu, pitisha kidole juu ya majani ya ua la jirani.

Jambo la mwisho upande wa lami ni hifadhi ya barabara. Ardhi hiyo ni ya umma hata kama imewekwa uzio na kuuzwa mara tatu. Mkenya yeyote anaijua ile alama ya X inayopakwa ukutani kabla ya tingatinga kufika. Mlete mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe mpaka wa hifadhi kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni.

Sasa tushuke kwenye ile ploti tulivu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui mahali ambapo methali hii inafaa kama kwenye kingo za Tana. Maji yanayofurika Garsen mara nyingi hayakunyesha Garsen. Yameanguka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mabwawa ya Seven Forks, yakapita Garissa, na huchukua siku kadhaa kufika huku. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kubwa la maji hayo. Likijaa humwaga, na KenGen, kampuni inayoliendesha, hutoa tahadhari kwa wanaoishi chini yake. Hivyo unaweza kukaa barazani chini ya anga jeupe, ardhi imekauka, na mafuriko yako njiani yanakuja.

Nayo yamekuja: 1961, 1997 kuingia 1998, 2018, mwisho wa 2023, tena 2024. Kanuni za maji hutaka kuacha ukingo wa mto wa mita 6 hadi 30. Katika tambarare hii mita 30 hazikupi usalama wowote, kwa kuwa maji yakitoka mtoni husambaa kilomita nyingi. Mto wenyewe hauna kwao pa kudumu. Ulikuwa na mlango mwingine baharini, hadi mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuuunganisha na Mto Ozi, ukapanuka na kuuvuta kuelekea Kipini.

Kwa hivyo chini ya mwembe usitazame kivuli peke yake. Tazama shina: kuna mstari wa tope uliokauka? Umefika gotini au kifuani? Tazama ardhi: udongo mweusi unaopasuka wakati wa ukame huvimba ukilowa, na kuta zenye msingi mfupi hupasuka nao. Kisha umwulize mkulima Mpokomo mwenye umri maji ya 1997 yalifika wapi. Atakuonyesha kwa mkono.

Hata kuwa kando ya lami si kinga kamili. Barabara iliyoinuliwa ni tuta, na tuta huzuia maji. Upande yanakotoka maji hutuama; upande wa pili hutoka kwa kasi kwenye mdomo wa kalavati. Ploti inayotazamana na kalavati ni ya kukataa. Mwisho wa 2023 barabara ya Lamu yenyewe ilizama pale Lango la Simba. Hata hivyo, familia zikifurushwa na maji hukimbilia miinuko, na tuta la barabara ni mmojawapo. Ukikaa karibu na lami, njia ya kukimbilia haiko mbali.

Yuko mpitaji wa tatu ambaye mgeni hamjui: ng'ombe. Malka ni njia ambayo wafugaji Waorma na Wawardei hupeleka mifugo mtoni. Wakati wa mvua malka ni uwanja mtupu wenye nyasi, na dalali atakuambia hapana mtu hapa. Njoo Februari, malisho ya bara yakikauka, uone mifugo kwa mamia ikiteremka kunywa. Anayejenga juu ya malka hanunui ploti, ananunua ugomvi, na ugomvi wa mashamba na malka umewahi kumwaga damu katika kaunti hii. Waulize wazee wa baraza la Gasa la Wapokomo na wa baraza la Matadeda la Waorma; wote wanajua malka ziko wapi.

Waulize pia ardhi hiyo ni ya nani. Sehemu kubwa ya kaunti ni ardhi ya jamii, inayoongozwa na sheria ya mwaka 2016, na kabla haijasajiliwa mtu mmoja hana mamlaka ya kukuuzia.

Mimi ningewashauri mume na mke wetu waache ploti zote mbili na kutafuta mstari wa pili nyuma ya lami, upande ulioinuka, mbali na tuta la kupunguza mwendo na kalavati, wainue msingi juu ya alama ya maji ya juu kabisa inayokumbukwa. Ploti hiyo waitembelee mara tatu: usiku wa manane, Februari, na Mei, msimu wa mvua. Mume atakodi kibanda cha duka mbele. Mke naye asiwe na huzuni juu ya kivuli. Mwembe wa kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.