KADI YA MTANDAO KATIKA KOMPYUTA YA CHAMA: JINSI YA KUITAMBUA, KUIFUNGA NA KUITUMIA

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika ziara zangu za ukaguzi nimekuta mara nyingi kompyuta mpakato ya chama imefunikwa kitambaa pembeni mwa ofisi. Nikiuliza sababu, huambiwa kwamba "haishiki mtandao." Madhumuni ya makala haya ni kueleza kifaa kimoja kidogo ambacho aghalabu ndicho chanzo cha tatizo hilo, yaani kadi ya mtandao usio na waya, ambao wengi wetu tunauita Wi-Fi. Nitaeleza jinsi ya kuichunguza kadi hiyo, kuichagua iliyo sawa, kuifunga mahali pake na kuiweka tayari kwa kazi.

Naanza na mfano. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, nilikuta katika kitabu cha mihutasari azimio la kamati la kununua kompyuta mpya kwa fedha za ushuru wa chama. Wakati huo huo Katibu alikuwa akipanda bodaboda kila juma kwenda mjini na flashi mfukoni, ili akatume orodha ya malipo ya wakulima kwa kutumia kompyuta ya duka la intaneti. Nilimwuliza kama huifuta orodha ile katika mashine ya watu kabla ya kuondoka. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Kwa kweli, Ndugu Mkaguzi, sikuwahi kulifikiria hilo." Orodha ile ilikuwa na majina ya wakulima, kilo walizoleta ghalani, na namba za akaunti zao za benki.

Basi, kilichokuwa hatarini si starehe ya ofisi. Zilikuwa siri za wanachama na fedha za chama. Na kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, isipokuwa kadi moja isiyozidi ukubwa wa stempu ya barua.

1. KADI HII NI KITU GANI

Kadi ya mtandao ni redio ndogo iliyomo ndani ya kompyuta. Hupokea na kupeleka habari kwa mawimbi, kati ya kompyuta na kile kisanduku cha ofisini kiletacho intaneti, yaani rauta, au kati ya kompyuta na simu iliyofunguliwa kugawa mtandao. Kadi hufungwa katika tundu lake kwenye ubao mkuu wa mashine. Kwa kawaida huwa na nyaya mbili nyembamba, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe, zinazopanda hadi kwenye antena zilizofichwa pembezoni mwa kioo. Katika mashine nyingi kadi hiyo hiyo ndiyo inayobeba Bluetooth.

Mawimbi yanayotumika zaidi ni ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 hupeleka habari kwa kasi zaidi lakini hufifia mapema. Kwa hiyo, kama rauta iko ofisini na kompyuta inatumika ghalani ng'ambo ya ukuta wa matofali, gigahezi 2.4 ndiyo itakayofaa.

2. KWANZA, HAKIKISHA UBOVU UKO WAPI

Kabla ya kununua chochote, yafuatayo yafanywe kwa mpango:

(a) Jaribu mtandao wa ofisi kwa simu. Simu nayo ikikosa mtandao, kosa liko katika rauta au kifurushi, si katika kompyuta.

(b) Tazama kama mawimbi yamezimwa. Mashine nyingine zina swichi ubavuni, na nyingine zina kitufe chenye picha ya ndege au mnara. Mtoto akicheza na kitufe hicho, kompyuta nzima huonekana mbovu.

(c) Kwa mashine za Windows, fungua sehemu iitwayo Device Manager, kisha utazame chini ya maneno Network adapters. Kadi ikionekana pamoja na alama ya mshale unaoelekea chini, imezimwa tu, iwashwe. Ikionekana na pembetatu ya manjano, mara nyingi tatizo ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Isipoonekana kabisa, basi imelegea, imekufa, au imefungiwa katika baiosi, ambayo ni programu ya kuamshia mashine.

Yafaa ifahamike pia kwamba simu nyingi za Android zinaweza kuipa kompyuta intaneti kwa waya wa kuchajia, hata kama kadi imekufa. Unganisha simu na kompyuta kwa waya, kisha katika mipangilio ya simu uruhusu kugawa mtandao kwa USB. Njia hii ingemwokolea Katibu wa mfano wetu safari zote zile za mjini.

3. KUCHAGUA KADI ILIYO SAWA

Hapa ndipo vyama vingi hupoteza fedha. Kadi zinafanana kwa macho, lakini hazifanani kwa kazi. Maswali manne yaulizwe dukani.

La kwanza ni umbo la tundu. Mashine za zamani zina tundu liitwalo Mini PCIe. Za baadaye zina tundu la M.2, na kadi yake huwa na upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30, ndiyo sababu huandikwa 2230. Vichwa vya nyaya za antena katika aina ya pili ni vidogo zaidi, hivyo nyaya za mashine ya zamani hazikai juu ya kadi mpya.

La pili ni uhusiano wa kadi na prosesa. Zipo kadi ambazo sehemu ya kazi yake hufanywa na prosesa ya Intel iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mathalan Intel AX201 na AX211. Kadi hizo huingia vizuri katika tundu la M.2 la mashine isiyohusika, zikafungwa skrubu, na zisifanye kazi kamwe. Kadi za Intel AX200 na AX210 hazina sharti hilo. Chama nilichokitaja kilinunua kwanza kadi ya namna ile ya awali, kwa kuwa tofauti ni tarakimu moja tu. Bahati njema muuzaji alikubali kuibadilisha, kwa sababu stakabadhi ilikuwapo.

La tatu ni ruhusa ya mashine. Baadhi ya watengenezaji waliziwekea kompyuta zao za zamani orodha ya kadi zinazokubaliwa; kadi iliyo nje ya orodha hukataliwa mashine inapowashwa. Njia ya salama ni kuandika jina kamili na namba ya mashine, pamoja na namba ya kadi ya zamani, na kwenda navyo dukani.

La nne ni kama kadi inatoka. Katika baadhi ya mashine nyembamba za siku hizi kadi imechomelewa kwa risasi kwenye ubao. Hapo nunua kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa nje katika tundu la USB. Kifaa hicho hakihitaji kufungua mashine, na kwa chama kisicho na fundi karibu ndicho ningekishauri kwanza. Upungufu wake ni kwamba huchomoza ubavuni, na ni rahisi kuvunjika au kuibwa.

4. KUIFUNGA KADI

Ikiwa mashine ingali katika muda wa dhamana, ipelekwe kwa aliyeiuza, isifunguliwe. Kama dhamana imekwisha, kazi hii humchukua mtu makini muda usiozidi saa moja. Kabla ya yote, nakala ya vitabu vya chama ihifadhiwe nje ya kompyuta.

(i) Zima mashine kabisa, chomoa chaja, na uondoe betri. Betri ikiwa ndani, ichomolewe kwenye ubao mara tu kifuniko kitakapofunguka.

(ii) Fanya kazi juu ya meza kavu isiyo na zulia. Gusa chuma kilichoshikana na ardhi, mathalan bomba la maji, ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Umeme huo hausikiki mkononi, lakini waweza kuua kadi.

(iii) Fungua skrubu za chini na kuzipanga juu ya karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka. Urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikirudishwa katika tundu fupi huweza kutoboa sehemu za juu. Kifuniko kibanduliwe kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu.

(iv) Piga picha ya kadi ya zamani kwa simu kabla ya kuigusa, ili kuonyesha waya upi umekaa wapi. Kisha inua vichwa vya nyaya wima, ukishika kichwa chenyewe wala si waya. Fungua skrubu moja inayoishika kadi. Nayo itainuka kidogo yenyewe. Ivute nje kwa mshazari.

(v) Ingiza kadi mpya kwa mshazari ule ule mpaka meno yake yazame, ilaze chini, na urudishe skrubu. Weka kila kichwa cha waya sawasawa juu ya kituo chake, kisha kibonyeze taratibu mpaka usikie kimelia. Kisipolia, kiinue na kukipanga upya, ukikilazimisha kitapondeka.

(vi) Rudisha betri, kifuniko na skrubu zote. Skrubu ikibaki mezani, kazi haijaisha.

5. KUIWEKA TAYARI

Washa mashine. Mara nyingi Windows huitambua kadi yenyewe. Isipoitambua, draiva yake ipatikane katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, kwa kutumia mashine nyingine na flashi, au kwa ile njia ya simu na waya. Tovuti zinazojitolea kukuletea draiva za kila aina ziepukwe, kwani nyingine hukuletea pia wezi.

Kisha bonyeza alama ya mtandao katika kona ya kioo, chagua jina la mtandao wa chama, na uandike nywila. Mtandao ukionekana dhaifu hata ukiwa karibu na rauta, shuku kwanza kwamba kichwa kimoja cha waya hakikukaa vizuri. Kama rauta yenu imewekwa iruhusu vifaa vilivyoandikishwa tu, kumbukeni kwamba kadi mpya ina namba yake mpya ya utambulisho. Lazima nayo iandikishwe.

6. ULINZI WA MTANDAO NA WA KUMBUKUMBU

Mawimbi hayakomi ukutani. Aliye nje ya ofisi anayapokea kama wewe uliye ndani. Kwa hiyo rauta iwekwe ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama inao. Ule wa zamani uitwao WEP usitumike. Udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Nywila iliyokuja na rauta kutoka kiwandani ibadilishwe. Isibandikwe ukutani, wasipewe wanunuzi wala madereva siku ya mnada, na ibadilishwe kila mtumishi anapoacha kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Namba ya akaunti ya mkulima ni taarifa binafsi. Chama kilichoikusanya ndicho chenye wajibu wa kuilinda, na kusema "kompyuta yetu haishiki mtandao" si utetezi.

7. KUMBUKUMBU ZA MATENGENEZO

Kompyuta isipelekwe kwa fundi peke yake. Mtumishi mmoja akae nayo mpaka mwisho, kwa kuwa ndani yake mna vitabu vya chama. Hati ya madai na stakabadhi zihifadhiwe. Kadi ya zamani irudi ofisini, maana ndiyo ushahidi kwamba kimebadilishwa kitu kweli. Tarehe, namba ya kadi mpya na jina la aliyeifunga viandikwe katika rejista ya mali, mbele ya jina la kompyuta hiyo.

Sisemi kwamba kila mashine iponywe. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine isiyoweza kupokea Windows 11 itaihitaji kamati kufikiri upya. Lakini uamuzi huo ufuate uchunguzi, wala usiutangulie.

Katika chama kile, kamati ilikutana tena na kulifuta azimio la kununua kompyuta. Katibu alifunga safari moja zaidi ya kwenda mjini, mara hii akiwa na kazi ya kulifuta faili katika mashine ya duka lile, na wanachama walielezwa jambo hilo waziwazi katika mkutano mkuu. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Ndugu Katibu, kabla ya msimu kuanza, ifunue kompyuta ya chama chako, uifanyie uchunguzi wa sehemu ya 2, na uyaandike utakayoyaona. Mkaguzi wako atakapofika, ataanza na hapo.