Arki ya tangawizi: mvuke huchukua harufu, ukali hubaki

Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi siku ya pepo kali haulizi tangawizi ina kazi gani. Meli inapoanza kulala upande huu na kuinukia upande ule, utawaona kina mama wakifungua pindo la kanga, wakatoa kipande kikavu cha tangawizi na kukinyonya polepole mpaka Mkoani, Pemba. Mimi nimelelewa hivyo. Bibi yangu, mtu wa Pujini, hakunipa kidonge cha safari hata siku moja. Alinipa tangawizi na chembe ya chumvi, akanitakia safari njema.

Nilipokua nikadhani ni mazoea ya wazee tu, kumbe jambo hili limepimwa. Mwaka 1982 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Mowrey na Clayson, waliolinganisha unga wa tangawizi na dawa ya kichefuchefu cha safari. Waliomeza tangawizi walistahamili zaidi kuzungushwa kwenye kiti. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark wakachapisha matokeo ya jaribio walilolifanya baharini hasa, kwa vijana 80 wanaosomea unamaji wa kijeshi. Waliopewa gramu 1 ya unga wa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao. Gramu 1 ni kama nusu kijiko cha chai, na haizidi sana kile kipande cha kwenye pindo la kanga.

Pujini inajulikana kwa magofu ya Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15 ambayo wageni huja kuitazama kutoka Chake Chake. Mimi huijua zaidi kwa harufu ya jikoni. Tangawizi hupondwa kwenye kinu pamoja na thomu kwa ajili ya pilau, huchemshwa na kahawa chungu ya barazani, hukamuliwa pamoja na miwa na ndimu. Akiugua mtu kifua, huchemshiwa na asali. Na mwenye kusoma Qur'ani ameikuta katika sura ya 76, Al-Insan, ambapo zanjabili imetajwa ndani ya kinywaji cha watu wa peponi. Kwa hiyo tukiizungumza tangawizi Pemba hatuzungumzi kiungo cha mgeni.

Siku hizi kuna swali ambalo kila nikirudi nyumbani naulizwa. Karafuu imetoa mafuta, makonyo yake, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, yanatiwa mvuke pale kiwanda cha Wawi, si mbali na Pujini, na mafuta yanauzwa nje. Kwa nini tangawizi nayo isikamuliwe tukauza arki, badala ya kubeba magunia? Swali ni zuri na linastahili jibu la hesabu.

Tangawizi mbichi karibu asilimia 80 ni maji. Kilo 100 ulizozichimba, zikikauka, hubaki kama kilo 20. Tangawizi kavu hutoa mafuta ya mvuke asilimia 1 hadi 3, yaani katika hizo kilo 100 ulizolimia mgongo utapata gramu 200 mpaka 600. Makonyo hutoa asilimia 5 au zaidi, tena makonyo ni masazo. Karafuu yenyewe umeshaiuza. Tangawizi haina makonyo, kwani unachokitia kwenye mtungi wa kukamulia ndicho chakula chenyewe.

Kuna jengine ambalo wengi hawalijui, nami nililijua kwa kuchelewa. Mvuke huchukua harufu tu. Ule ukali unaowasha koo, ambao ndio watafiti wanaudhania kuwa na kazi kubwa ya tiba, unatokana na jinjeroli, na jinjeroli hairuki na mvuke. Hubaki kwenye makapi. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, jina lililotokana na neno la Kijapani la tangawizi, na hiyo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu huunguza ulimi kuliko mbichi. Anayetaka arki yenye harufu na ukali pamoja hana budi kutumia kiyeyushi: spiriti, asetoni, au gesi ya kaboni dioksidi iliyobanwa kwa mgandamizo mkubwa. Spiriti ina mjadala wake kwa Waislamu, asetoni lazima iondolewe kabisa kabla ya mtu kula, na mitambo ya gesi ni ghali mno.

Arki pia ina historia ya kutisha. Marekani, pombe ilipokuwa imepigwa marufuku, watu walinunua arki ya tangawizi ya Jamaika kwa sababu ya spiriti iliyomo. Mwaka 1930 wafanyabiashara wakaichanganya na kemikali ya viwandani ili kuwakwepa wakaguzi, na maelfu ya watu wakapooza miguu. Tangawizi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waliokitia kwenye chupa kitu ambacho mnunuzi hakuweza kukiona.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakulima wa Pujini ni hii: tuanze na kukausha. Kule Same, wakulima wa Mamba Miamba walipopata kiwanda cha tangawizi, ambacho Anne Kilango Malecela alikipigania akiwa mbunge wao, walichokusudia ni kusindika na kupata unga. Kukausha tunakujua, kwani tumeanika karafuu kwenye majamvi tangu enzi za mababu. Tofauti ni kwamba tangawizi lazima iachwe ikomae shambani miezi 8 au 9, ioshwe, ikatwe vipande vyembamba na ianikwe juu ya chanja, si chini wala kando ya barabara. Ikibaki na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu inayodhuru ini. Kipande kilichokauka sawasawa hukatika kwa mlio.

Na wewe unayeinunua kama dawa, usipite kiasi. Kikombe cha chai ya tangawizi hakina neno kwa watu wengi, lakini arki na vidonge vyake si chai. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amuulize daktari kwanza. Mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu azungumze na mkunga wake. Mwenye vidonda vya tumbo ajichunge.

Wizara ya kilimo, kabla ya kufikiria mtungi mwengine wa kukamulia, iwapelekee watu wa Pujini chanja, nailoni za kufunikia na mtu wa kupima unyevu. Bila hivyo, vuli ikija, tangawizi ya mwaka huu iliyosalia itaoza kwenye magunia.