Kisu cha Fizi Huufungulia Mswaki Njia

"Daktari, ning'oe tu nipumzike." Wagonjwa wangu wengi wenye fizi zinazotoka damu huanza hivyo. Kabla sijajibu, naingiza taratibu kati ya fizi na jino kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kwenye fizi nzima huingia milimita 1 hadi 3. Kikizama 5 au zaidi, hapo pana mfuko, na mswaki haufiki ndani yake. Uchafu hugeuka ugaga, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu.

Sianzi na kisu. Namchoma mgonjwa ganzi, namsafisha chini ya fizi, kisha baada ya wiki kadhaa napima upya. Wengi huishia hapo. Mfuko ukigoma kupungua, ndipo naikata fizi kandokando ya meno, naifunua, nakwangua ugaga nikiuona kwa macho yangu, halafu naishona ikae chini zaidi, karibu na mfupa. Uvimbe ukishaisha, meno huonekana marefu na yenye mianya. Hilo nalisema mapema, mgonjwa asije akashtuka mbele ya kioo.

Wapo ambao fizi zao zimeota hadi kufunika nusu ya jino. Nauliza dawa wanazotumia: nifedipini au amlodipini za presha, fenitoini ya kifafa, siklosporini kwa waliopandikizwa figo. Fizi iliyozidi naikata, lakini kwanza nazungumza na daktari aliyeandika dawa. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake.

Jino lililovunjikia usawa wa fizi nalo lina njia yake. Kofia ya kulifunika haiwezi kushika mahali pasipo na jino, kwa hiyo napunguza fizi, na mara nyingi mfupa kidogo, mpaka zipatikane kama milimita 2 za jino zima kuzunguka pande zote. Kazi hiyohiyo huwafaa baadhi ya wanaoona haya kucheka kwa sababu fizi zao zinaonekana sana. Tatizo likiwa ni taya refu au mdomo wa juu mfupi, kukata fizi hakutawasaidia.

Halafu kuna wanaosugua meno kama sufuria iliyoungua. Fizi hushuka, mzizi hubaki wazi, maji baridi huwachoma. Hao nawachukulia kipande kidogo cha nyama kwenye kaakaa lao wenyewe na kukishonea juu ya mzizi. Usishangae kaakaa likiuma kuliko fizi iliyotibiwa.

Nyuzi hutolewa baada ya wiki 1 au 2. Muda huo sehemu iliyoshonwa haipigwi mswaki; mgonjwa husukutua kwa klorheksidini, hunywa uji uliopoa, na huacha pilipili na vyakula vigumu. Sigara huchelewesha kidonda, kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya siku ya upasuaji.

Ukishauriwa kufanyiwa upasuaji huu, muulize daktari wako: mswaki wangu utafika wapi ambako leo haufiki? Akujibu kwa kukuonyesha jino lenyewe. Nawe ujiandae kurudi kusafishwa kila miezi 3 au 4, kwa sababu mfuko ulioachwa bila kuangaliwa huweza kurudi.