Maganda ya matoke yageuka wanasesere mpakani Busia

BUSIA/TORORO

LORI la matoke likimaliza kushusha mzigo mjini Busia, kinachobaki chini ni taka: majani makavu yaliyofunika mikungu njiani na maganda ya mgomba yaliyotumika kama kamba. Wapagazi huyakanyaga na wafagiaji huyasukumia jalalani. Wanaoyaokota ni watoto wanaowasubiri mama zao wamalize kuuza.

Ganda moja likikunjwa mara mbili na kufungwa uzi shingoni, mtoto amepata mtu wa kuzungumza naye hadi jioni.

Kwa mama anayeuza nyanya, mitumba au dagaa kati ya Busia na Tororo, mchezo huo si jambo dogo. Shule zikifungwa, wengi wao hawana pa kuwaacha watoto, hivyo soko huwa ndiyo nyumba ya mchana. Shule zikifunguliwa, kazi nyingine huja na mkoba wa mtoto: mwalimu ametaka kitu kilichotengenezwa nyumbani, na kinatakiwa kesho asubuhi.

Kenya ilianza kutumia mtaala wa umilisi, CBC, katika madarasa ya chini mwaka 2019. Sanaa na kazi za mikono ni sehemu ya mtaala huo, na walimu wanahimizwa kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Uganda ilikuwa imeanza mtaala wake wa mada kwa darasa la kwanza hadi la tatu mwaka 2007, nao una nafasi ya sanaa na ubunifu. Kwa hiyo mtoto wa Busia na binamu yake wa Tororo wanaweza kurudi nyumbani na agizo moja.

Malalamiko ya wazazi wa Kenya yanajulikana: karatasi za manila, gundi na rangi hununuliwa usiku dukani kwa pesa iliyotengwa kwa unga. Lalamiko la pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi. Mama aliyechoka kutoka mpakani huona mtoto anasinzia, akaichukua kazi na kuimaliza mwenyewe. Asubuhi mwalimu anapokea mwanasesere mrembo kutoka kwa mtoto asiyejua kufunga fundo.

Maganda ya mgomba yanaweza kutatua yote mawili. Hayanunuliwi, na ni laini kiasi kwamba vidole vya mtoto vinayamudu.

Jinsi ya kumtengeneza

Vinavyohitajika ni maganda makavu ya shina la mgomba, ambayo Waganda huyaita byayi, uzi imara, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, kipande cha mkaa na mkasi. Asiye na mgomba anaweza kutumia maganda ya mahindi, na hatua ni zilezile.

Maganda makavu sana hukatika yakikunjwa. Yanyunyiziwe maji kidogo, yafunikwe kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika chache, kisha yachanwe kwa urefu kuwa vipande vya upana wa kidole. Hapo mkasi hauhitajiki, na mtoto wa miaka sita anaweza kuchana mwenyewe.

Kwa mwanasesere wa kimo cha shibiri moja, zikusanywe kamba kumi au kumi na mbili zenye urefu wa shibiri mbili, zikunjwe katikati. Kwenye kunjo hilo ndipo kichwa kilipo. Kidonge cha matambara kiwekwe ndani ili kichwa kijae, kisha uzi ufungwe chini yake kuwa shingo.

Mikono ni kamba tatu fupi zinazosukwa kama nywele na kufungwa ncha zote mbili. Msuko huo upitishwe chini ya shingo, kati ya kamba za mwili, ndipo kiuno kifungwe ili mikono isichomoke. Sehemu ya chini ikiachwa ilivyo huwa sketi. Ikigawanywa mara mbili na kila upande kufungwa karibu na mwisho, huwa miguu.

Kitenge ndicho nguo na kilemba. Nyuzi za gunia la katani huwa nywele, na macho huchorwa kwa mkaa. Vifungo vya shati hupendeza, lakini nyumbani mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu visitumike, kwa sababu humezwa. Sindano na wembe vibaki mkononi mwa mtu mzima.

Mwisho, mwanasesere akaushwe kivulini siku mbili kabla ya kuwekwa ndani. Akifungiwa akiwa na unyevu huota kuvu. Wafanyabiashara walioshuhudia mahindi ya Uganda yakizuiwa kuingia Kenya Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu wanajua vizuri nafaka isiyokauka inavyogharimu. Ganda la mgomba nalo halipendi unyevu.

Ganda la kuokota, si la kukata

Jambo moja linahusu shamba zaidi ya mchezo. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na baadaye ukaingia magharibi mwa Kenya. Huenezwa na visu na panga zinazotoka kwenye mgomba mgonjwa kwenda kwenye mzima, na pia na sehemu mbichi za mmea zinazohamishwa.

Kwa hiyo mtoto afundishwe kuchukua ganda lililokauka lenyewe na kujitenga na shina, bila kisu. Mgomba ambao majani yake yamenyauka yakiwa bado machanga, au ndizi zake zinaiva kabla ya wakati, uachwe kabisa. Familia nyingi kati ya Busia na Tororo hupata chakula na ada ya shule kutoka kwenye migomba michache nyuma ya nyumba. Hakuna kazi ya shule yenye thamani ya kuipoteza.

Mfuko wa kubebea nao uangaliwe. Kavera linalotumika sokoni upande wa Uganda ni kosa upande wa Kenya, ambako mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo. Kikapu au mfuko wa kitambaa unatosha.

Wakitaka kuuzwa

Mama mwenye mkono mwepesi huenda akaona biashara hapa. Vitu vya maganda ya mgomba huuzwa katika masoko ya sanaa ya Kampala, na ziada ya wanasesere inaweza kupata mteja ng'ambo ya mpaka.

Utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa kwenye orodha ya pamoja. Mwenye cheti rahisi cha uasili hasamehewi kila kitu. Kinachoondolewa ni ushuru wa forodha, na masharti mengine ya nchi hubaki. Kabla ya kuvuka kupitia kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na Rais Museveni na Rais Kenyatta Februari 2018, ni busara kuuliza kwenye dawati la taarifa za biashara kama bidhaa hiyo imo, na kama ganda la mmea linahitaji kibali.

Lakini yule wa shule asiuzwe wala asinyooshwe. Kichwa kikilala upande na mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, mzazi avumilie. Kazi yake ni kushika ncha ya uzi pale mtoto anapokaza fundo, na kurudia kuonyesha likifunguka. Hilo linafanyika hata mezani kati ya mteja na mteja, na likianza mchana sokoni, hakuna wa kukesha nalo usiku.

Kesho yake mwalimu akiuliza mikono iliingiaje, mtoto atamfungulia kiuno amwonyeshe, kisha akifunge tena mwenyewe.